HABARI ZA PWANI: KENGELE ILIYO NJIANI

Mtu akitoka kisiwani Mombasa na kuvuka daraja la Nyali kwenda kuoga baharini, hupita mahali paitwapo Kengeleni. Wengi hupita mbio, wala hawaulizi habari za kengele yenyewe.

Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza walianzisha hapo mji wa Freretown, ulioitwa kwa jina la Sir Bartle Frere. Wenyeji wake walikuwa watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, pamoja na Waafrika waliopata elimu na kazi za mikono kule Nasik, Bara Hindi. Kengele ilitundikwa ili iwaonye watu wakati wa hatari, maana wafanya biashara ya watumwa walikuwa hawajakoma.

Daraja la kuelea lilijengwa mwaka 1931, na la saruji likafunguliwa mwaka 1980. Nyali ikajaa majumba na mahoteli. Mchanga wake ni mweupe, na miamba iliyo mbali huyavunja mawimbi, hata maji ya ndani huwa matulivu. Siku za sikukuu, jamaa nzima nzima hujaa katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ng'ambo kidogo ya Nyali.

Basi nendeni mkastarehe. Lakini kwanza simameni Kengeleni pamoja na watoto wenu, mkawaeleze: bahari hii tunayoiendea kwa furaha, wako walioletwa nayo wakiwa katika minyororo. Asiyejua hayo ameona maji tu, hajaiona Pwani.