Uigizaji Nao Hufundishwa

Imeenea dhana katika visiwa vyetu kwamba kuigiza ni kipaji na basi: achukuliwe mcheshi wa barazani, avishwe nguo, apewe maneno ya kusema, amekwisha kuwa mwigizaji. Dhana hiyo ndiyo inayotuletea katika sherehe zetu vijana waliofanya mazoezi siku tatu, wakipiga makelele mbele ya wageni rasmi hata sauti zikawakauka kabla mchezo haujafika nusu. Watazamaji hucheka, viongozi hupiga makofi, na kijana hurudi kwao akiamini kuwa kazi ameimaliza.

Hakuna anayekabidhiwa tezo leo akatakiwa kesho aunde jahazi. Mwanagenzi wa uigizaji naye ana pa kuanzia, na pa kwanza ni pumzi. Waliopitia chuoni wanalielewa jambo hili. Bila ya kukilinganisha Kitabu kitukufu na mchezo wa jukwaani, mwalimu alitufundisha wapi pa kuvuta pumzi, wapi pa kusita, herufi ipi hutoka kooni na ipi midomoni. Wala hakuturuhusu kwenda mbele mpaka aya ya nyuma imenyooka. Subira hiyo ndiyo inayokosekana katika mazoezi ya vikundi vyetu. Kisha kuna kusikiliza. Mwanagenzi hungojea zamu yake ya kusema, macho yamemganda, ilhali kazi yake ni kumsikia mwenziwe na kumjibu kama anayesikia maneno yale kwa mara ya kwanza.

Lililo zito zaidi ni kuielewa tamthilia yenyewe. Tuchukue Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji. Vijana wengi humcheza Kinjeketile kwa kufoka tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini huyo ni mtu aliyeingiwa na shaka juu ya ujumbe alioutoa mwenyewe, kwa kuwa ndani yake mlitajwa Seyyid Said, na watu wakaahidiwa kuwa wana wake. Mwigizaji wa Unguja asiyejua jina hilo lina uzito gani atalitamka kama analisoma katika tangazo la mnada. Shaka haifokewi, huonekana katika kusita, na kusita ni jambo gumu kulifundisha.

Nani basi alifundishe? Muziki umepata chuo chake Mji Mkongwe tangu mwaka 2002, na matunda yake tunayasikia. Wa uigizaji huelekeza macho Bagamoyo, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Nauli, ada na malazi si mzigo wa mtoto wa mvuvi.

Tunawaomba wahusika serikalini watazame kilichopo. Ngome Kongwe ina uwanja wa ngazi ambako tamasha la filamu lililoanza mwaka 1998 limekuwa likionesha picha zake. Saa ambazo hapana onesho, wapewe wanagenzi, pamoja na mwalimu aliyesomea kazi hii na anayelipwa mshahara, si posho ya siku ya sherehe. Na Pemba isisahauliwe: ukumbi wa skuli mmoja Chake Chake, na mwalimu huyo kuvuka mara moja kwa mwezi, vingetosha kwa mwaka wa kwanza.