Mashini imefanya mise à jour, barua hazifike tena: nani anaamua mu biro zetu?

Tarehe 13 Januari 2026, Microsoft ilituma sasisho la kila mwezi, ile yenye siye wote tunaita mise à jour, kwa mashini zenye kutumia Windows 11. Kisha siku kidogo tu, watu wenye kutumia Outlook ya zamani, ile yenye inakaa ndani ya mashini yenyewe, wakaanza kulalamika mu inchi nyingi. Unaifunga, haifungike. Unataka kuifungua tena, inakataa mupaka uzime mashini yote. Unatuma barua, inaenda kweli, lakini haionekane mu folda ya barua zenye zilitumwa. Kwa wengine, barua za zamani zilishuka tena mara ya pili kama vile ni mupya. Microsoft ilikubali kama kosa ni lake, na tarehe 24 Januari ikatoa sasisho lingine la haraka ili kurekebisha. Hapo katikati zilipita siku 11.

Siku 11 kwa mutu wa Paris ni shida ya kazi. Kwa déclarant mwenye kuwa na kamyo Kasumbalesa, ni pesa ya maegesho kila siku. Na ile jambo la barua yenye haionekane mu zile zilizotumwa, watu wanaichukua kuwa kitu kidogo, kumbe njo yenye ubaya zaidi: sekretere anazani fakture haikuenda, anaituma tena, na kliya anapokea fakture mbili za muzigo mumoja. Hapo maneno inaanza.

Tuangalie vizuri ni nani alipigwa na lile kosa, juu si kila mutu. Microsoft yenyewe ilitaja akaunti za aina ya POP, na mashini zenye faili ya barua, ile yenye jina lake linaisha na PST, ilikuwa imewekwa mu OneDrive. POP ni namna ya zamani ya kuchukua barua: programu inaenda ku seva, inabeba barua, inazileta ku mashini yako, na mara nyingi inazifuta kule zilitoka. Namna ingine, IMAP, inaacha barua ku seva na kukuonyesha tu picha yake. Mu inchi zenye mutandao ni wa bei nafuu na hauchoke, POP inabakia kwa wazee. Huku kwetu bado iko na sababu zake. Kampuni ndogo inalipa nafasi kidogo ya barua kwa mutu wa mutandao, nafasi inajaa kisha miezi mitatu, na fundi anasema: tuweke POP, barua zishuke ku mashini, seva ipumue. Tena ukiwa na barua zako zote ndani ya mashini, unaweza kuzisoma hata wakati mega zimeisha. Haikuwa akili mbaya.

Lakini hiyo maana yake ni kama kazi yote ya miaka kumi ya biro iko mu faili moja, mu mashini moja, chini ya meza moja. Na hiyo faili, wengi hawajue hata iko wapi. Kwa kawaida Outlook inaiweka ndani ya folda ya Documents. Sasa Windows 11, wakati unaianzisha, inapenda sana kupendekeza kuhamisha ile folda mu OneDrive, ni kusema ku mashini za Microsoft kule mbali. Unabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo ili umalize haraka, na faili yako ya barua imekwisha kuhama bila wewe kujua. Njo vile mutu wa Bel-Air ao wa Katuba anajikuta ndani ya kosa lenye lilifanyika Marekani.

Sasa kwa nini mashini nyingi za hapa zimehamia Windows 11 hivi karibuni? Juu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10. Siku ileile iliacha pia Office 2016 na Office 2019, zenye ziko ndani ya biro nyingi. Mashini ya Windows 10 haikufa siku hiyo, inaendelea kuwaka, lakini hakuna tena mutu wa kuziba matundu yenye wezi wanapitia. Kwa hiyo inaomba kuhamia. Na kuhamia inaomba mashini yenye iko na kifaa cha usalama chenye kuitwa TPM 2.0 na prosesa ya karibu mwaka wa 2018 kuja mbele. Mashini zetu nyingi ni za occasion. Mutu mwenye alinunua Dell ya mwaka wa 2015 kwa dola 150 anaambiwa leo kama haifae. Na mwenye mashini yake inafaa, kushusha Windows 11 ni zaidi ya jiga 5. Hesabu mwenyewe na forfait yako.

Kuna jambo moja hapa lenye linapashwa kusemwa wazi. Kwa watu wa kawaida wenye kubakia ku Windows 10, Microsoft ilitoa mwaka mumoja wa ziada wa ulinzi, mupaka Oktoba 2026. Mu inchi za Ulaya, kisha mashirika ya kutetea wanunuzi kusukuma, ulinzi huo ukatolewa bure, unaingia tu na akaunti ya Microsoft. Sehemu zingine, wewe unachagua: kulipa dola 30, ao kutoa pointi 1,000 za muchezo wao wa zawadi, ao kukubali maelezo ya mashini yako yahifadhiwe kwao. Kwa makampuni ni dola 61 kwa kila mashini mwaka wa kwanza, na bei inazidishwa mara mbili kila mwaka. Mashini ni ileile, matundu ni yaleyale. Tofauti ni kama Mzungu wa Bruxelles iko na mutu wa kumusemea, na mutu wa Lubumbashi hana.

Turudi ku barua. Kuna aina ingine ya kuharibika yenye watu wanachanganya na ile ya Januari, na mafundi wetu wengi wanapoteza siku nzima juu yake. Mashini inafanya mise à jour, kesho yake programu inauliza neno la siri. Unaandika, inakataa. Unaandika tena, polepole, herufi kwa herufi, inakataa. Neno ni lile lile lenye kufungua Gmail ku telefone. Mutu anaanza kuwaza kama wameiba akaunti yake.

Hapana. Google, tangu tarehe 30 Mei 2022, haikubali tena programu ya zamani iingie mu akaunti ya mutu na jina na neno la siri peke yake. Microsoft ilifanya vilevile kwa akaunti za Outlook.com na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024. Sasa programu inapashwa kufungua dirisha la Google ao la Microsoft, wewe unajitambulisha pale, na programu inapewa kama tikiti yake. Outlook ya mwaka wa 2010 haijue kuomba tikiti. Unaweza kuiandikia neno la siri mupaka jioni. Kwa Gmail kuna mulango mudogo umebakia: unawasha uhakikisho wa hatua mbili, kisha unaomba Google ikupe neno la siri la programu, lenye herufi 16, unaliweka pale. Kwa Hotmail, inaomba programu mupya. Thunderbird ni ya bure na inajua kuomba tikiti, lakini nayo tangu mwaka wa 2024, kuanzia toleo la 128, haikubali tena Windows 7 wala 8. Mwenye kubakia ku Windows 7 anasimama ku toleo la 115.

Halafu kuna wale wenye walikuwa wanatumia ile programu ndogo yenye kuja bure na Windows, yenye jina Mail tu. Microsoft iliifunga tarehe 31 Desemba 2024. Mahali pake iliweka kitu chenye inaita Outlook mupya. Jina ni lile lile, lakini ni nyumba ingine kabisa. Ukiweka ndani akaunti yako ya kampuni, hata yenye seva yake iko kwa mutu mwingine, barua na hata neno la siri vinapitia ku mashini za Microsoft. Waandishi wa habari wa Ujerumani walionyesha hivyo mwezi wa Novemba 2023, na mukubwa wa ulinzi wa habari za watu mu ile inchi wakati ule, Ulrich Kelber, alisema jambo hilo linamuhangaisha. Avoka mwenye kutunza siri za kliya wake, ao munganga, anapashwa kujua hivyo mbele ya kubonyeza. Si baadaye.

Basi mutu afanye nini asubuhi yenye barua zimekataa? Jambo la kwanza ni kutogusa. Nasema hivyo juu dawa ya kwanza yenye inatolewa hapa, iwe ku centre-ville ao ku meza ya fundi ku soko, ni formater. Mashini inatoka safi, inatembea mbio, kliya anafurahi, analipa. Kisha wiki mbili anatafuta mukataba wa 2021, na haupo mahali popote duniani, juu ulikuwa mu ile faili ya PST. Kufuta akaunti na kuiweka upya ni dawa ya pili yenye kupendwa, na nayo inaweza kubeba barua pamoja.

Kwa hiyo: chukua telefone, fungua barua zako kupitia anwani ya mutandao, ile yenye mutu wa seva alikupa, ao gmail.com. Kama zinafunguka pale, akaunti ni muzima, hakuna mwizi, shida iko mu mashini. Kama hata pale hazifunguki, acha mashini, piga kwa mwenye seva. Pengine ni malipo ya jina la.cd yenye yalipita tarehe, hiyo inatokea kuliko watu wanavyozani. Angalia saa na tarehe ya mashini. Umeme wa SNEL ukikatika mara nyingi na betri kidogo ya ndani ikiwa imekufa, mashini inarudi mwaka wa 2015, na seva inakataa kuzungumza na mutu mwenye kuishi mwaka wa 2015. Kisha angalia antivirus, juu nayo mara nyingi inajiweka katikati ya programu na seva, na sasisho la Windows linawapiganisha.

Mbele ya jaribio lolote lingine, funga programu na unakili faili ya PST ku disque ya inje ama ku clé. Unaitafuta na jina lake, *.pst, mu mashini yote. Ikiwa iko mu OneDrive, iondoe mule, uiweke ku folda ya kawaida. Hiyo peke yake, mu Januari, iliwaponya watu wengi bila kungoja tarehe 24. Kuna pia uwezo wa kuondoa sasisho la mwisho katika mipangilio ya Windows; inakubalika kwa siku kidogo, mupaka la kurekebisha lifike, lakini usilale nalo vile, juu unaacha mulango wazi.

Na wakati biro inangoja, hatari ingine inaingia. Mutu anafungua Gmail ya haraka, jina la kampuni na namba fulani nyuma yake, anaandikia makliya wote: tumieni hii kwa sasa. Wezi wanapenda wakati kama huo sana. Kliya amekwisha kuzoea kama anwani inabadilika. Wiki ingine anapata barua ingine, anwani inafanana, yenye kusema kama kampuni imebadilisha banki, namba mupya ya konti ndiyo hii. Analipa. Kule Marekani peke yake, FBI ilihesabu kwa mwaka wa 2024 hasara ya zaidi ya dola miliari 2.7 juu ya udanganyifu wa aina hii. Kama inaomba kabisa anwani ya muda, waambie makliya kwa sauti, ku telefone, na waambie pia kama konti ya banki haibadiliki kwa barua.

Mu Haut-Katanga na Lualaba jambo hili halikuja wakati mwepesi. Windows 10 ilifungwa tarehe 14 Oktoba 2025. Siku mbili kisha, tarehe 16, serkali ilianzisha kota za kusafirisha kobalti, kisha karibu miezi minane ya kukataza. Biro za usafirishaji, transit, maabara za kupima madini, watu wa banki, wote walianza kuandikiana mbio mbio, na karatasi zinatembea kwanza zikiwa zimefungwa ku barua. Ku Place ya Poste watu wanapita tu siku hizi. Fakture inapitia ku mutandao. Tena Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inatambua maandiko ya kielektroniki kuwa ushuhuda. Ile barua ya kliya yenye kukubali bei ni kitu unaweza kuonyesha ku tribunali. Ikiwa bado unayo.

Kampuni kubwa za madini ziko na watu wao wa informatique, sasisho linajaribiwa kwanza ku mashini mbili tatu mbele ya kufika kwa wote. Biro ya watu wane inaweza kufanya vilevile: mashini moja inapokea kwanza, zingine zinasimamisha sasisho kwa wiki moja ao mbili, Windows inaruhusu. Na akaunti zihamie polepole kutoka POP kwenda IMAP, hata kama inaomba kulipa nafasi zaidi ku seva. Sasisho lingine linakuja kila mwezi, ile Siku ya Pili yenye inafika mara ya pili mu mwezi, saa za jioni za Lubumbashi. Tarehe inajulikana mwaka muzima mbele, na disque ya inje inauzwa mu muji.