Kidonda Hakisubiri Tarehe ya Kliniki

Mwandishi anayedai kuwa programu za simu za kufuatilia vidonda zinamtwisha mgonjwa kazi ya daktari amesahau kazi hiyo inafanyikia wapi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa baada ya siku chache. Usaha, harufu na homa humkuta nyumbani, kanga ikigandana na mshono, simu iwepo isiwepo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Nani anawaona mapema?

Kule Kirehe, mashariki mwa Rwanda, wahudumu wa afya ya jamii walijaribu kuwafuata akina mama majumbani wakiwa na vifaa vya mkononi: maswali machache, picha ya mshono, na mwenye dalili mbaya anaelekezwa arudi kutibiwa. Huyo ametwishwa mzigo gani?

Nakubaliana na mwandishi huyo kwa jambo moja: si kila mama ana simujanja, wala bando. Basi adai wahudumu waongezwe na wapewe vifaa, na pawepo muuguzi wa kupokea picha hiyo hata saa nne usiku.