Mgeni Akija Ukambani Asilishwe Vibanzi

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi iwapo anakionea haya chakula cha kwao? Swali hili tunaliuliza leo kwa sababu ya kisa alichotusimulia kijana mmoja Mwislamu, mwenyeji wa Kitui, ambaye kazi yake iko Mombasa.

Kijana huyu kwa miaka kadhaa alikuwa akialikwa nyumbani kwa rafiki yake wa Mji wa Kale. Amekula huko wali wa nazi, samaki wa kupaka, biriani ya Ijumaa, na asubuhi mahamri kwa mbaazi. Mwisho akaona ni zamu yake, akamwalika rafiki huyo aende naye kwao. Walipofika, akampeleka kwenye hoteli aliyoiona ndiyo ya heshima, yenye vitambaa mezani. Wakaletewa kuku wa kukaanga, vibanzi na soda. Mgeni akala, akashukuru, akainuka kwenda kunawa mikono. Huko uani akawakuta wapishi na watumishi wameizunguka sufuria, wanakula nafaka nyeupe iliyochanganywa na mbaazi. Akauliza ni chakula gani. Akajibiwa kwamba ni muthokoi, lakini hicho si cha wageni.

Mgeni aliporudi mezani alimwambia mwenyeji wake maneno haya: “Ndugu yangu, kuku huyu hata Mwembe Tayari yuko. Mimi nilikuja kula kile kilichoko uani.”

Sisi twasema mgeni huyo hakukosa adabu. Alisema kweli, na kweli hiyo inatuhusu wengi, sisi tulio na kwetu Kitui au Makueni na nyinyi mlio na marafiki, wakwe au majirani wa huko.

HAYA IMETOKA WAPI?

Haya hii haikuzuka bure. Wengi waliosoma katika shule za bweni walikula isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, siku baada ya siku mpaka wakaapa hawataki kuiona tena. Tena Ukambani ni nchi ya mvua chache, na miaka ya ukame imewafanya watu wakihusishe chakula cha nafaka kavu na shida. Basi mtu akipata kazi mjini na mshahara, jambo la kwanza analotaka kumwonyesha mgeni ni kwamba shida imekwisha. Humwonyesha kwa vibanzi.

Ni kosa. Muthokoi si chakula cha mvivu wala cha mtu aliyekosa la kufanya. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji, yakatwangwa kinuni mpaka maganda yakatoka, yakapetwa, kisha yakaanikwa juani. Ndipo huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi, mpaka punje zikafura na kulainika. Siku hizi ziko mashine za kukoboa, lakini jikoni bado hakuna njia ya mkato. Aliyekupikia muthokoi amekufikiria tangu alfajiri. Je, vibanzi vya dakika kumi ndivyo vyenye heshima zaidi?

MGENI WA PWANI SI MGENI SANA

Jambo jingine ambalo mwenyeji husahau ni kwamba chakula hiki mgeni wake anakijua nusu. Mbaazi anazokula Mombasa kwa mahamri zimetoka wapi? Sehemu kubwa ya mbaazi za Kenya hulimwa katika nchi kavu za Makueni, Kitui na Machakos, ambako Wakamba huziita nzuu. Pwani huzitia tui zito la nazi, bara huzipika na mahindi. Pojo tunazokula kwa wali ndizo ndengu za Kitui. Isyo ni ndugu wa ile tuitayo pure, na muthokoi ni ndugu wa makande ya wenzetu wa Tanga na Upare.

Wala udugu huu si wa jana. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka pwani na pembe za ndovu, na wafanyabiashara wa pwani wakapanda bara kwa njia hizo hizo. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Wakamba walihamia Rabai, Mariakani na milima ya Shimba, na wengine wako huko mpaka leo. Mjini Kitui nako wako Waislamu tangu enzi za biashara hiyo, na jikoni mwao utakuta pilau na ngima, yaani ugali, nyumba moja.

Kwa hivyo mwenyeji asianze kwa kuomba radhi. Aanze kwa kusema: hii ndiyo mbaazi yenu, njoo uone kwao.

NAMNA YA KUCHAGUA

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Ni mahali gani pa kumpeleka mgeni? Hatutataja hoteli kwa majina, kwani wapishi huhama na hoteli hubadili mikono. Tutataja dalili.

Kwanza, uende mwenyewe kabla ya mgeni. Pita asubuhi, uone moto umewashwa saa ngapi. Muthokoi wa mchana huwa umo jikoni mapema. Ukiambiwa saa tano kwamba “utapatikana sasa hivi”, jua utapata mahindi magumu au uliolala. Na ukipatikana, usimchelewesha mgeni. Chakula hiki ni cha mchana, na katika hoteli nzuri sufuria huwa tupu kabla ya alasiri.

Pili, tazama walaji. Hoteli iliyojaa wachuuzi wa soko, madereva na makarani kwa pamoja ni dalili njema. Wachuuzi wanajua nafaka, maana ndio wanaoiuza.

Tatu, uliza kuna nini leo ambacho si cha kila siku. Katika msimu wake utapata mbaazi mbichi za kijani, na mboga ya majani ya kunde. Utapata uji wa mawele au wa mtama, ambao ndio nafaka za kale za nchi hii, zinazovumilia jua kuliko mahindi. Mpishi akikujibu kwa furaha, kaa. Akikutazama kama umepotea njia, shukuru uondoke.

Nne, mwambie mgeni ukweli kuhusu ladha. Upishi wa Ukambani hauna viungo vingi. Ni kitunguu, nyanya, chumvi na mafuta kidogo. Ulimi uliozoea bizari na nazi utauona umepoa kwa matonge matatu ya mwanzo, ndipo utakapoanza kusikia utamu wa nafaka yenyewe. Mgeni akitaka ndimu na pilipili, apewe. Lakini kwanza aonje kama kilivyo.

UHALALI USIONEWE HAYA

Hapa ndipo penye uzito kwa msomaji wetu. Wengi hudhani kwamba maadamu ni mahindi na mbaazi, hakuna la kuuliza. Si hivyo. Nafaka ni halali, lakini pengine imetiwa supu ya mifupa ili ikolee, au imekaangwa kwa shahamu ya mnyama asiyejulikana kachinjwa vipi, au imepakuliwa kwa upawa uliotoka katika sufuria ya nyama. Mwenyeji aulize mambo hayo matatu mapema, si mbele ya mgeni sahani ikiwa mezani.

Kuhusu nyama, mbuzi wa Ukambani wana sifa, na mgeni atatamani kuwaonja. Katika vichinjio vingi vya miji yetu mchinjaji huwa Mwislamu. Mbuzi aliyechinjwa nyuma ya kibanda siku ya soko ni jambo jingine, na mutura, ambao ni utumbo uliojazwa nyama na damu, hauna mjadala. Vile vile asali. Asali ya Kitui, hasa ya upande wa Mwingi, ni zawadi ya kumpa mtu yeyote. Lakini asali hiyo hiyo ndiyo iliyotengenezewa pombe ya kaluvu tangu zamani, kwa hivyo kinywaji cha kibuyu kisipokelewe kabla ya kuulizwa.

Wako wanaoogopa kwamba kuuliza kutawaudhi wenyeji Wakristo. Sisi hatuoni hivyo. Mama anayepika kwa ajili ya kuuza anataka mlaji arudi kesho. Ukimwambia kwa upole, “Mama, mgeni wangu ni Mwislamu, naomba utuwekee sufuria yetu bila supu ya nyama,” mara nyingi atakuwekea, na kesho yake atakukumbusha yeye mwenyewe. Kinachoudhi ni kukaa mezani, kuagiza, kisha kusukuma sahani kando.

SWALI LA GHALA

Liko swali jingine ambalo si la dini bali ni la uhai, nalo ni mahindi yamehifadhiwa wapi. Mwaka 2004 sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, inayoota katika mahindi yasiyokauka vizuri, iliwapata watu 317 katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 kati yao wakafa. Wengi walikula mahindi ya ghala zao wenyewe. Watafiti wameonyesha kwamba kuyakoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza sumu hiyo, kwa kuwa sehemu yake hutoka pamoja na maganda, ingawa haiishi yote. Hivyo kazi ya wale bibi zetu kinuni ilikuwa na faida ambayo hawakupata kuisoma kitabuni.

Lakini hiyo isiwe sababu ya kulala. Mwenye hoteli anayejua mahindi yake yamenunuliwa wapi, yamekauka kiasi gani na yamewekwa juu ya nini, huyo ndiye wa kumpelekea mgeni. Anayesema “ni mahindi tu” tumwache.

SAFARI YENYEWE

Siku hizi safari si ndefu kama zamani. Tangu 2017 treni ya reli mpya inayosimama vituo vya njiani humteremsha mtu wa Mombasa Mtito Andei, Kibwezi au Emali. Anayekwenda Wote anaweza kushuka Emali. Anayekwenda Kitui anaweza kushuka Kibwezi na kufuata barabara ya lami inayopita Ikutha na Mutomo. Yafaa mgeni aonje pande zote mbili. Kitui ale muthokoi, ndengu na asali. Makueni ale mbaazi, na ikiwa ni kati ya Desemba na Machi, amalizie kwa maembe. Makueni ina maembe mengi hata serikali ya kaunti imejenga kiwanda cha kuyasindika huko Kalamba. Akinunua kikapu arudi nacho pwani, ambako nako hakukosi maembe, mjadala wa yapi matamu utadumu mwaka mzima.

WENYE HOTELI NAO

Tukimaliza na mwenyeji, tuwageukie wenye hoteli. Charity Ngilu, aliyechaguliwa gavana wa Kitui mwaka 2017, aliwahimiza wakulima kulima ndengu kwa wingi na wakagawiwa mbegu, katika mpango ulioitwa Mapinduzi ya Ndengu. Magunia yakajaa. Lakini ni hoteli ngapi za vitambaa mezani zilizoandika ndengu na muthokoi juu kabisa ya ubao wao, kabla ya kuku na vibanzi? Mazao yakisafirishwa kwenda kuliwa na wengine, na nyumbani yakafichwa uani, mapinduzi hayo yameishia shambani.

Mwenye hoteli atajibu kwamba yeye hupika kinachoagizwa. Ana haki. Ndiyo maana lawama kubwa inamrudia mwenyeji. Kila anapoingia na mgeni na kuagiza vibanzi, anamfundisha mpishi kwamba muthokoi hauna mnunuzi mwenye heshima. Mpishi naye atamfundisha mwanawe hivyo hivyo, na siku moja hata uani sufuria ile haitakuwapo.

Yule kijana wa Kitui hakuimaliza safari yake vibaya. Siku ya pili alikwenda asubuhi kwenye hoteli ndogo karibu na soko, akazungumza na mama mpishi, akaeleza habari ya supu na upawa. Adhuhuri, baada ya sala, akaja na mgeni wake. Wakala muthokoi kwa mbaazi katika sahani za bati. Mgeni, alivyotuambia, aliongeza mara mbili, kisha akasema kilichokosekana ni tui la nazi tu. Mama mpishi akacheka, akamwambia safari ijayo aje na nazi yake.

Hiyo ndiyo karamu. Wewe msomaji utakayempokea mgeni mwezi huu, mpeleke kwenye sufuria unayokula wewe.