Rimu za Alumini na Chumvi ya Kwetu

Siku hizi malori yaliyokwisha tumika ng'ambo yaingia visiwani na rimu za alumini zing'aazo kama sinia la harusi, na mwenye lori husifiwa kwa ajili yake. Sisi twasema asifiwe baada ya miaka mitatu.

Hatukanushi ubora wake. Alumini ni nyepesi kuliko chuma, na hewa huivika ngozi nyembamba ya kuilinda. Dereva wa Murangi, huko Musoma, Mkoa wa Mara, aweza kuzitumia muda mrefu. Ziwa Victoria ni maji matamu, na taabu yake ni vumbi na tope. Lakini Pemba si Murangi. Chumvi huitoboa ngozi ile, ikaacha vijishimo na unga mweupe. Na pale alumini igusanapo na chuma cha habu, maji ya chumvi yakiwa kati, alumini ndiyo iliwayo. Rimu hung'ang'ania habu hata nyundo haiitoi; tairi nalo huvuja upepo polepole ukingoni, akalaumiwa fundi wa pancha bure.

Marekani na Kanada barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha theluji, na wenye malori huko hulia kilio hiki hiki. Wao hupumzika kiangazi. Sisi kaskazi na kusi zote hutujia kutoka baharini, na wapo madereva washushao gari mpaka majini kupakia mchanga!

Hofu yetu ni msimu. Karafuu mbichi zikilala guniani huchemka, na lori likisimama njiani, hasara haiishii kwenye gurudumu.

Kwa mkulima wa lori moja twaona chuma chafaa zaidi. Chaota kutu, naam, lakini kutu huonekana mapema, husuguliwa ikapakwa rangi. Rimu ya alumini ikipasuka haifai kuchomelewa wala kutiwa moto, hutupwa.

Aliye nazo tayari azioshe mara kwa mara kwa maji matamu na sabuni ya kawaida, si tindikali. Zifunguliwapo, uso ukutanao na habu usuguliwe uwe safi na mkavu, usipakwe grisi. Kisha nati zikazwe tena baada ya kilomita 80 hadi 160. Hili la mwisho hupuuzwa sana, nalo ndilo lichomoalo magurudumu. Na anayenunua avue kwanza tairi moja la nyuma, lile la ndani, atazame ukingo wa rimu kabla hajatoa fedha.