Tusisage Mbegu za Muziki Wetu

Katika miji ya Kitale na Bungoma wangali wapo wazee waliohifadhi santuri za miaka ya sitini na sabini, zile ndogo za inchi saba zenye wimbo mmoja kila upande. Miongoni mwa nyimbo za enzi hiyo ni "Helule Helule" ya marehemu Daudi Kabaka, ambayo kundi la The Tremeloes la Uingereza liliirekodi upya mwaka 1968.

Siku hizi santuri hizo hunakiliwa katika kompyuta, nalo ni jambo jema. Kinachonitia wasiwasi ni namna ya kuzinakili. Aghalabu huishia kuwa faili za MP3. Mfumo huu hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti zinazokisiwa kwamba sikio halitazitambua. Sauti ya CD huchukua kilobiti 1,411 kila sekunde. MP3 ya kilobiti 128 huchukua takribani sehemu moja ya kumi na moja tu. Kilichotupwa hakirudi. Lakini upo mfumo wa FLAC, uliokamilishwa mwaka 2001, ambao hupunguza faili hadi karibu nusu bila kupoteza chochote.

Mpinzani atasema kwamba sikio haliwezi kutofautisha FLAC na MP3 iliyotengenezwa vyema. Aghalabu ni kweli. Hata hivyo, hoja yangu si starehe ya leo. Kesho fundi atataka kuondoa mikwaruzo ya santuri, na sisi wanaisimu tutataka kupima toni katika nyimbo za Lubukusu. Kazi hizo zahitaji nakala kamili. Isitoshe, kila MP3 inapozaa MP3 nyingine, hasara huongezeka.

Wakazi wa Kitale, yaliko makao makuu ya kampuni ya Kenya Seed, hawahitaji kufunzwa tofauti ya mbegu na unga. Unga huliwa leo, mbegu huwekwa. MP3 ni unga: na tuisikilize katika simu na matatu. FLAC ndiyo mbegu, na unga husagwa kutoka kwayo wakati wowote.

Hivyo basi, Makumbusho ya Kitale na Chuo Kikuu cha Kibabii, kule Bungoma, zingefaa kuwaalika wenye santuri, kuzinakili kikamilifu, na kuwarudishia mali yao. Wahenga walisema akiba haiozi. Santuri, lakini, huchakaa kila sindano inapopita juu yake.