Someni Milango ya Mji Wenu



Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa chuo chetu, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, alisimamishwa na mgeni mbele ya mlango wa kale. Mgeni akamwuliza, "Maandishi haya ya juu yasemaje?" Kijana akajibu, "Ni nakshi tu." Kumbe ni Bismillahi pamoja na mwaka wa Hijra, na kijana yule amekwisha kuhitimu Qur'ani! Alipotuhadithia tuliona haya, kwani nasi twaupita mlango ule kila siku, wala hatujapata kumwonyesha.

Basi Alkhamisi iliyofuata tuliwachukua wanafunzi kumi tukazunguka nao mjini. Tulianza Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Omani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa. Tukaenda Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo milango yake mikubwa ilichongwa aya za Qur'ani. Upande wa jumba hilo na mnara wake uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakafariki watu wawili. Vijana wakafahamu kuwa hata mawe yataka kutunzwa.

Ukutani tulikaa sana. Hapo ndipo aliposomesha Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1925, na wanafunzi wakimjia kutoka miji mingi ya pwani. Wengi katika vijana wetu hawakupata kulisikia jina lake.

Mwisho tulikwenda Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hata likafungwa na Sayyid Barghash mwaka 1873. Mmoja akauliza, "Maalim, waliokuwa wakiuza watu hapa ni akina nani?" Tukamjibu kweli, kuwa walikuwamo Waislamu wenzetu. Hatukumficha, kwani asomaye habari za wazee wake hachagui zile za sifa peke yake.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Qur'ani Tukufu tutembee katika ardhi, tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Atembeaye asitazame, amechosha miguu yake bure.

Kwa hivyo, enyi wazazi, yafaa Ijumaa moja baada ya sala mumshike mtoto mkono, wa kiume na wa kike, muanze na mlango ulio karibu nanyi. Msomeeni yaliyoandikwa, mumweleze ni nani aliyekaa humo. Mkatazeni kukwaruza kuta kwa msumari. Na aliyerithi mlango wa babu yake asiharakie kuuuza, kwani fedha zake zitakwisha na mlango hautarudi.

Nanyi vijana, ulizeni wazee wenu wangali hai. Hapana aibu katika kuuliza. Aibu ni mgeni kukusomea mlango wa kwenu.

Wabillahi tawfiq.